Sinema za utotoni: ipi uwawashie wana likizo hii?

Kila likizo ya Disemba nyumba yetu ya Langoni, hapa Lamu, hujaa. Dada zangu huja na watoto wao kutoka Mombasa, Malindi na Nairobi, majirani nao huwaleta wao, na baada ya Isha kiwandani, yaani ule ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe, huwa pamekaa vichwa kumi na sita. Mdogo wao ana miaka mitano, mkubwa ndevu zaanza kumchomoza. Mwaka juzi binamu yangu alituachia projekta ndogo, tukatundika shuka jeupe ukutani, na tangu siku hiyo swali ni lile lile: tuwawashie nini? Kila mtu mzima hapa nyumbani hujibu, "Picha niliyoipenda nilipokuwa kama wao." Nami nilijibu hivyo. Nikaonyesha ile niliyoipenda kuliko zote, nusu ya watoto wakalala, mmoja akalia kwa hofu hadi akatapika, na mamake hakunisemesha mpaka asubuhi.

Baada ya hapo nilikaa kuzipima upya, moja baada ya nyingine, nikizitazama peke yangu usiku kabla ya kumwita mtoto yeyote. Niliyoyaona nayaandika hapa kwa wenzangu wenye nyumba zilizojaa kama yangu.

Kwanza niseme tulizionaje sisi, kwa sababu kipimo changu kinatoka huko. Tulikulia kwenye mikanda ya video. Deki ilikuwa moja mtaani, ya bwana mmoja aliyewahi kuwa baharia. Ijumaa usiku aliitoa, akaiweka juu ya kasha pamoja na televisheni, na mlango ukaachwa wazi ili waliokaa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, nao waone. Mkanda ukiwa mkuukuu, deki huutafuna. Unasikia mkwaruzo kama wa panya ndani ya gunia, picha inajaa mistari, kisha kiza. Yule bwana alikifungua kifuniko kwa ncha ya kisu, akauvuta utepe taratibu, mweusi, unang'aa, unaning'inia mkononi mwake kama mwani. Akakata palipokunjika, akaunga kwa selotepu, akazungusha gurudumu kwa kidole mpaka utepe ukakaza. Kile kipande kilichokatwa ndiyo kilishakwenda. Hatukukiona tena.

Kihindi hatukukijua. Aliyetufasiria alikuwa shangazi yangu, ambaye naye hakukisoma popote, alikiokota kwenye picha hizo hizo. Alikaa mbele kabisa, mtandio begani, na kila mtu akisema jambo alitugeukia: "Sasa huyu yuwamwambia nduguye, usende, kule kuna adui." Palipokuwa na wimbo alinyamaza. Palipokuwa na kimya alitueleza yaliyo moyoni mwa stelingi. Kwa hiyo ninaposema niliipenda picha fulani, sehemu kubwa ya nilichokipenda ni sauti ya shangazi. Imenichukua miaka kulielewa hilo, na ndilo lililonipa kipimo: je, picha hii inampa mtu mzima nafasi ya kuisimulia? Baada ya hilo ndipo naangalia urefu wake na hofu yake.

Tuanze na mbili zilizonishughulisha zaidi, Sholay na Haathi Mere Saathi. Zote za Kihindi, zote zina mkono wa waandishi wale wale wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, na zimepishana miaka minne tu: ya ndovu ilitoka mwaka 1971, Sholay tarehe 15 Agosti 1975. Ukiuliza watu wa rika langu hapa Lamu, tisa katika kumi watakwambia Sholay. Nami ningesema Sholay.

Kisa chake wengi wanakijua. Thakur, aliyekuwa polisi, anawaajiri wezi wawili, Jai na Veeru, wamkamate jambazi Gabbar Singh na wamlete akiwa hai. Dharmendra ndiye Veeru, Amitabh Bachchan ndiye Jai, Hema Malini anaendesha gari la farasi na mdomo wake haufungi, na Amjad Khan ni Gabbar ambaye sisi tulimwigiza vichochoroni, tukiburuta mikanda ya suruali juu ya mawe ili itoe sauti kama yake. Urafiki wa Jai na Veeru ndio uliotufundisha neno "rafiki" lina uzito gani. Sarafu ile ya Jai, ambayo pande zake zote ni sawa, nilikuwa na yangu: sarafu mbili nilizozisugua na kuzigandisha kwa gundi.

Ila mkanda wetu ulitafunwa palepale darajani, Jai anapobaki peke yake na risasi zinalia. Utepe uliounganishwa ulirukia moja kwa moja hadi Veeru anapopanda treni. Basi mimi niliamini kwamba Jai amebaki kijijini akamuoa yule mjane kijana, Radha, ambaye kila jioni alikuwa akizima taa moja moja barazani huku Jai akipiga kinanda cha mdomo. Niliishi na mwisho huo mpaka nikawa mtu mzima. Siku nilipoiona picha nzima, nikamwona Jai anakufa mikononi mwa mwenziwe na Radha anafunga dirisha, nililia kama niliyefiwa.

Picha ya namna hiyo unataka wanao waione. Lakini itazame tena kwa macho ya mzazi. Inazidi saa tatu. Na kuna pahali Thakur anarudi nyumbani na kukuta maiti za watu wake zimelazwa uani, zimefunikwa mashuka, na upepo unayafunua moja moja, na kati yake iko maiti ndogo ya mtoto. Sisi nasi tulikuwa tumetundika shuka. Kaskazi ilikuwa inavuma kutoka baharini, shuka letu linapepea na mashuka ya kwenye picha yanapepea ndani yake. Hapo ndipo yule mtoto wa miaka sita alipolia. Simlaumu. Mimi nilipoiona nikiwa na umri wake, shangazi alikuwa amenifunika macho kwa mtandio, na nilikuwa nimeshasahau.

Kwa upande wa kusimulia, Sholay ni ngumu. Utamu wake mwingi umo kwenye maneno. Gabbar hatishi kwa bunduki, anatisha kwa jinsi anavyouliza swali na kunyamaza. Ukimfasiri, umemkatiza. Shangazi mwenyewe alikuwa akisema, "Huyu mwacheni aseme." Kuna pahali pamoja tu ambapo sauti ya mtu mzima huongeza kitu, nako ni kwa imamu kipofu wa kijiji. Mwanawe kijana ameuawa na majambazi, maiti imeletwa juu ya farasi, watu wote wamenyamaza, naye anauliza kwa nini pamekuwa kimya hivi. Adhana inasikika. Mzee anashika fimbo, anaondoka kwenda kuswali, na anasema atamuuliza Mola kwa nini hakumpa watoto zaidi wa kutoa kwa ajili ya kijiji hiki. Nimekaa na wazee wa mtaa wa Mkomani waliokuja kuitazama nasi, na hapo hakuna aliyetikisika. Vijana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, mnaweza kuzungumza nao saa nzima juu ya mzee yule. Mtoto wa miaka saba amelala zamani.

Kwa hiyo Sholay si ya mkusanyiko. Waite wakubwa peke yao, kuanzia miaka kumi na miwili hivi, na muigawe nyusiku mbili. Usiku wa kwanza uishie pale shali ya Thakur inapoanguka mabegani na watu wanaona kwa nini hakuiokota bunduki. Hawatalala vizuri kwa hamu, na kesho yake hutahitaji kumwita mtu. Jambo moja la kuwaeleza wakimaliza: mwisho ule wa polisi kufika na kumchukua Gabbar si ule uliopigwa mwanzo. Thakur alikuwa amuue kwa miguu yake, wakaguzi wa filamu wa India wakakataa, ukapigwa mwingine. Wangu walibishana mpaka alfajiri, kama mwisho gani una haki zaidi, na sikuwanyamazisha.

Sasa Haathi Mere Saathi, maana yake ndovu ni marafiki zangu. Mtoto Raju anaokolewa na ndovu wanne, anakua nao, anatajirika, anafilisika, anatembea nao njiani wakicheza ili wapate chakula, kisha anainuka tena na kujenga pahali pa kukaa na wanyama wa kila namna. Ndovu wa karibu yake ni Ramu. Raju, ambaye ni Rajesh Khanna, anamuoa Tanu, ambaye ni Tanuja. Wanapata mtoto, na mama anaingiwa na hofu kwamba ndovu atamdhuru mwanawe. Anamwambia mumewe achague. Mume anachagua ndovu. Halafu Ramu mwenyewe anajitwika kazi ya kuwapatanisha, na kazi hiyo inamgharimu roho yake.

Niliidharau picha hii kwa miaka mingi. Nilidhani ni ya watoto wadogo, na ukweli ni kwamba imechakaa kwa namna ambayo Sholay haikuchakaa: mapigano yake yanaonekana ya kuigiza, nguo zina rangi za kuumiza macho. Lakini mwaka jana niliijaribu, na hakuna picha iliyowashika watoto kumi na sita kwa pamoja kama hii.

Sababu ya kwanza ni kwamba ndovu hasemi. Basi msimulizi ana uwanja mpana. Shangazi zamani alimsemea Ramu kwa sauti nzito ya puani, na tulijua Ramu ana haya, Ramu ana wivu kidogo, Ramu amechoka. Mtoto wa Nairobi asiyejua neno la Kihindi hapotezi chochote. Gari linapoharibika njiani na ndovu wakalivuta, Kishore Kumar akiimba, watoto walisimama wakaanza kuvuta kamba isiyokuwepo kiwanja kizima.

Ya pili ni punda. Watoto wa Lamu hawajamwona ndovu kwa macho, wengi wao, ingawa wapo ng'ambo bara upande wa Boni na Dodori. Lakini kila mtoto hapa anamjua punda kwa jina lake. Anamjua anayebeba mchanga na matofali kutoka gatini, anajua yupi anauma na yupi anajirudia nyumbani peke yake bila ya mtu. Wameona watu wakiwapeleka punda wao wagonjwa kwenye kituo cha kuwatibu kilichoko hapa mjini tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo mnyama anayemfanyia mtu kazi, akamjua, akamhurumia, si ngano kwao. Wakati Raju anapomkemea Ramu, mwana wa jirani yetu, ambaye babake ana punda watatu, aliinuka akaenda nje. Nilimfuata. Alikuwa ameegemea ukuta, anamfuta vumbi punda wao kichwani.

Na kuna jambo la pembe. Nikiwa nayo picha hii akilini, nimewahi kuwaeleza watoto habari za siwa ya Pate, baragumu kubwa lililochongwa kwa pembe za ndovu, fahari ya visiwa hivi, ambalo lilipigwa kwenye sherehe za wenye mji. Waliipenda siwa. Kisha msichana mmoja akaniuliza, "Na ndovu wake alikuwa na jina?" Swali hilo asingeliuliza kabla ya kumjua Ramu.

Kasoro yake iko na nitaisema wazi. Picha inamfanya Tanu mkosa kwa kuogopea mwanawe. Mpwa wangu wa miaka kumi na moja alikasirika: "Kwani mama akimwogopea mtoto wake ana makosa gani?" Niko upande wake. Ukiionyesha, acha mjadala huo utokee, na wanawake wa nyumba wausikie wanaume wakiujibu. Na mwisho unaumiza. Ramu anakufa, na msiba wake una wimbo wa Mohammed Rafi ambao sijaweza kuusikiliza mpaka mwisho bila machozi. Lakini ni kilio cha huruma, si cha hofu, na tofauti yake niliiona usiku wa kila picha: aliyelia kwa Sholay alikataa kulala peke yake, waliolia kwa Ramu walilala.

Kama una jioni moja tu na watoto wa miaka mitano hadi kumi, mpinzani wa kweli wa Haathi ni The Lion King. Nasema ile ya michoro ya mwaka 1994, ya dakika 88. Ile ya 2019 ni ndefu zaidi, na wanyama wake wametengenezwa wafanane sana na wanyama wa mbugani hata nyuso zao hazikunji wala hazichanui. Simba analiwa na uchungu wa babake na huuoni. Usiichanganye.

Kwa mtoto wa Kiswahili picha hii ina zawadi ambazo mtoto wa Marekani hazipati. Simba ni simba na Rafiki ni rafiki. Pumbaa amepumbaa kweli. Mamake Simba anaitwa Sarabi, ambayo ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana njiani jua likiwa kali, na ni watu wazima wachache wanaolijua neno hilo, nilifurahi kulifundisha. Fisi mmoja anaitwa Shenzi, na hapo kiwanja chote kilipasuka kwa kicheko. Ile sauti ya mwanzo, jua linapochomoza, watoto walidhani ni Kiswahili cha bara. Ni Kizulu, na anayeiimba ni Lebo M wa Afrika Kusini. Kuhusu "hakuna matata", waambie kwamba bendi ya Them Mushrooms kutoka Mombasa iliuimba msemo huo kwenye Jambo Bwana tangu mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya Pumbaa.

Pahali pagumu ni kifo cha Mufasa kwenye mbio za nyumbu. Kwetu huku uzito wake ni mara mbili, kwa sababu anayemuua ni nduguye, na kwa mtoto wa Lamu ndugu wa baba ni ami, mtu wa kusimama mahali pa baba. "Ami yake mwenyewe?" mtoto mmoja alirudia mara tatu, huku akimwangalia ami yake aliyekaa naye. Ami akamvuta akampakata. Ukiionyesha, mwe na watu wazima wa kutosha wa kuwapakata.

Inasimulika? Kidogo. Maneno yanakwenda mbio, vichekesho vimo kwenye Kiingereza, na kabla hujamaliza kufasiri kimoja kimeshapita cha pili. Watoto wa mjini wanaijua kwa moyo na wao ndio watakaowasimulia wenzao. Hilo nalo lina uzuri wake, ila bibi wa nyumba atakaa bila ya kazi. Kama bibi hayupo, au amechoka na anataka kulala mapema, chagua Simba. Kama yupo, chagua ndovu.

Za ngumi nitazipita haraka, isipokuwa moja. Enter the Dragon ya mwaka 1973, ya Bruce Lee aliyefariki Julai mwaka huo huo kabla picha haijatoka, sisi tuliitazama tukiwa wadogo bila ya mtu kujali, na hiyo ilikuwa kosa. Ina mambo ya wanawake na ya dawa ambayo huwezi kuyakalia na wazee wako. Iache. Jackie Chan ana mbili za mwaka 1978, za mwongozaji mmoja, Yuen Woo-ping, na mzee yule yule mwenye nywele nyeupe anayemfunza: Drunken Master na Snake in the Eagle's Shadow. Watu wote hutaja ya kwanza. Lakini ngumi zake zote zinatokana na ulevi, mtoto anapepesuka ili ashinde, na kesho yake utawaona wanapepesuka hivyo njiani mbele ya msikiti. Ya pili ina kijana yatima anayefagia na kupigwa kwenye chuo cha ngumi, akafunzwa na mzee ombaomba aliyemkirimu. Anapokwama, anamwona paka wake akipambana na swila, naye anaunda mapigo yake kutokana na makucha ya paka. Mji huu wa paka! Siku ya pili kila mtoto alikuwa na paka wake anayemwangalia dakani kama mwalimu. Chukua hiyo ya pili.

Home Alone ya mwaka 1990 inachekesha wote, haihitaji kusimuliwa, na ina dakika 103. Ni ya siku mvua imekataa kukatika. Onyo langu ni moja tu, yale mambo ya pasi na vitasa vya moto: zima jiko na ficha pasi kabla hujaiwasha.

The Gods Must Be Crazy, ya mwaka 1980, ilikuwa picha iliyotuchekesha kuliko zote. Ile chupa iliyoanguka kutoka kwenye ndege, na Xi anakwenda kuitupa mwisho wa dunia. N!xau, Mnamibia aliyemwigiza, alikuwa na uso ambao mtu hausahau, na alifariki mwaka 2003. Nimeitazama tena na moyo wangu umebadilika. Ilitengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, na inawaonyesha Wasan, jamii ya Xi, kama watu wasiojua lolote, walio nje ya dunia, wakati watu hao walikuwa wakinyang'anywa ardhi yao. Sisi wa visiwani tunajua vizuri mtu kuja na kamera akikupiga picha kana kwamba wewe ni wa karne nyingine. Sitawaonyesha wadogo. Wakubwa, ndiyo, mkae muizungumze.

Na ikiwa likizo imeangukia mwezi wa Maulidi, wageni wamejaa msikiti wa Riyadha na nyumba zote ziko wazi, The Message ya mwaka 1976 ndiyo niliyokua nikiiona kila mwaka. Moustapha Akkad, aliyezaliwa Aleppo na akafa kwenye mlipuko wa Amman mwaka 2005, aliipiga mara mbili: ya Kiingereza ambamo Anthony Quinn ni Hamza, na ya Kiarabu ambamo Hamza ni Abdullah Gaith. Uso wa Mtume hauonekani wala sauti yake haisikiki. Wanaozungumza naye wanaitazama kamera. Hapo kiwanja hunyamaza bila ya mtu kuambiwa. Kati ya hizo mbili mimi huchagua ya Kiarabu, kwa sababu watoto wa chuo cha Kurani hushika neno hapa na pale na kulirudia kwa furaha, na wazee huisimulia kwa mambo waliyoyasoma, wala hawafasiri tu. Ni ndefu sana, na vita vya Uhud ni vikali. Wadogo waondoke kabla ya hapo. Ila wasikose Bilal anapopanda juu kuadhini. Wape ahadi kwamba mtawaamsha.

Mtu ataniuliza kuhusu zile zilizotiwa maneno ya Kiswahili, za DJ Afro na wenzake. Nazipenda, na kwenye vibanda vya video ndizo zilizowafanya vijana wengi wasikae njiani. Kwa mkusanyiko wa nyumbani nina sababu moja ya kutozichagua: msimulizi ameshawekwa ndani, na nyumba yangu inaye wake.

Mwaka jana, Jumamosi ya kwanza ya likizo, tuliwasha Haathi Mere Saathi. Tulianza mara baada ya Isha. Nilifunga mawe kwenye pindo la shuka ili kaskazi isilicheze, mabuyu yakagawanywa kwenye vikombe, juisi ya ukwaju ikazungushwa. Shangazi sasa ana miaka sabini na kitu, na macho yake yameingia ukungu. Mwanga wa projekta unamuumiza. Nilimwekea kiti upande wa shuka karibu na spika. Akakataa. Alikigeuza akakaa kuwaelekea watoto, shuka liko nyuma yake.

"Kaani tini," akawaambia. "Huyu mtoto mnayemwona ni yatima."

Hakugeuka hata mara moja. Aliisikiliza sauti, akajua tumefika wapi, akasema. Ndovu alipotokea akamsemea kwa sauti ile ile ya puani, na watoto wakawa wanaangalia juu kwenye shuka, kisha chini kwenye uso wake, kisha juu tena. Ulipoingia wimbo wa Rafi alinyanyua mkono, akatunyamazisha sote, akaushusha mtandio usoni.